Dubai – Guangzhou: kwenda saa 11, kurudi saa 4?

MzigoKkoo:
Wakuu, nisaidieni hesabu. Tiketi ya Dubai–Guangzhou inasema kuondoka 10:00, kufika 21:20. Kurudi, kuondoka 00:15 tarehe 14, kufika 04:35. Njia ni ileile. Umbali ni kilomita ngapi, na angani ni saa ngapi hasa? Pia, nikifika Dubai 04:35 niunganishe ndege ya Dar baada ya muda gani?

Saa_Nane:
Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4. Kwenda unatoa 4: 11:20 (yaani saa 11 na dakika 20) inakuwa 7:20. Kurudi unaongeza 4: 4:20 inakuwa 8:20. China na Emirati hazibadilishi saa kwa msimu, kwa hiyo hesabu ni hiyohiyo mwaka mzima.

Ramani:
Umbali wa mkato ni kama km 5,830, ila ndege huruka zaidi kidogo. Hupita India, Myanmar na Yunnan (jimbo la kusini-magharibi mwa China), ikiiacha Tibet kaskazini. Tibet ardhi yenyewe iko juu ya mita 4,000. Hewa ikivuja ndani ya ndege, rubani anatakiwa ashuke haraka hadi mita 3,000 hivi, kwa sababu oksijeni ya barakoa za abiria kwenye ndege nyingi ni ya dakika chache tu. Juu ya Tibet hakuna pa kushukia.

Ile saa moja ya ziada kurudi ni upepo. Huko juu unavuma kutoka magharibi. Chukua km 6,000 na mwendo wa km 900 kwa saa: ukisukumwa na upepo wa km 70 unatumia 6:11, ukiupinga 7:14. Dakika zinazobaki ni za kutembea ardhini, kupanda, kushuka na akiba ya ratiba. Desemba hadi Februari upepo ni mkali zaidi. Kiangazi cha huko (Juni hadi Agosti) unahamia kaskazini ya Tibet na tofauti inapungua.

Saa_Nane:
Mkuu, angalia sana hiyo 00:15 tarehe 14. Ni saa sita na robo usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Uwe Baiyun (uwanja wa ndege wa Guangzhou) saa 3 usiku tarehe 13. Ukienda usiku wa 14, ndege ilishaondoka usiku uliotangulia. Watu wengi wanaachwa hapo.

Transiti:
Kuunganisha kunategemea tiketi. Ikiwa ni moja hadi Dar, begi linapitiliza lenyewe. Saa 2 hadi 3 zinatosha. Ikiwa ni mbili tofauti na una begi la chini (lisiloingia nawe ndani ya ndege), utapita uhamiaji (hakikisha viza ya Emirati), uchukue begi, ulipime upya. Kaunta nyingi hufunga dakika 60 kabla, na ukichelewa tiketi ya pili imepotea. Acha saa 5: yaani usikate ya kabla ya 09:35.