Naomba ushauri: stendi ya kuchorea ya mtoto inatanuka miguu na kuanguka

Baba wa Kihonda: Ndugu zangu, salaam. Binti yangu anatimiza miaka 4 Jumamosi ijayo, na kwa kuwa amekwisha kuzijaza kuta za sebule kwa mkaa na chaki, nimeamua kumtengenezea stendi ya kuchorea ya mbao, yenye miguu minne na ubao pande zote mbili. Miguu ina urefu wa sentimita 120 na nimeiunganisha juu kwa bawaba, lakini nikiisimamisha kwenye vigae inatanuka yenyewe hadi inalala chini. Kila nikifumba macho naona ikimwangukia. Nifanyeje?

Mama Wawili: Hongera kwa kumjali binti. Mimi wa kwanza nilimchapa kwa kuchora ukutani, na leo yuko kidato cha pili, hagusi rangi hata akipewa. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Usimgombeze kwa kuta hizo.

Fundi Randa: Funga mnyororo mwembamba au kamba imara kila upande, kutoka mguu wa mbele hadi wa nyuma, ili pale chini miguu isiachane zaidi ya sentimita 60, stendi itabaki na kimo cha takriban sentimita 116. Chini ya miguu gundisha vipande vya kandambili kuukuu, visiteleze. Kwenye bawaba acha nafasi, kwa sababu hapo ndipo vidole vya watoto hubanwa. Umetumia mbao gani?

Baba wa Kihonda: Asante sana, fundi. Ni mbao za kawaida tu.

Mchoraji wa Ilala: Mimi sioni haja ya stendi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vipande vya hadibodi na rangi za mafuta za dukani, na ingawa alifariki mwaka 1972, mtindo wake unaitwa kwa jina lake hadi leo. Mpe mtoto hadibodi, akae mkekani.

Fundi Randa: Ndugu, "za kawaida" si jina la mti. Ni mninga, mtiki au paini? Zina rangi gani?

Baba wa Kihonda: Ni paini zilizobaki nilipoezeka nyumba, zina ukijani kidogo. Nimekwisha kuzikata na kuzipiga msasa, na nitazipaka vanishi mara mbili, kwa hiyo sioni tatizo. Mninga kwa sasa siumudu.

Fundi Randa: Hizo ni mbao za dawa. Dawa iliyozoeleka kwa mbao za aina hiyo huchanganya shaba, kromiamu na arseniki, na ndiyo maana mchwa hazigusi. Si kila mbao ya kijani ina arseniki, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha. Marekani waliacha kutumia mbao zenye dawa hiyo kwenye vifaa vya michezo ya watoto tangu mwisho wa mwaka 2003. Msasa haukuondoa dawa, umeigeuza vumbi. Na vanishi hubanduka pale pale mtoto anaposhika, kisha anatia mkono mdomoni.

Baba wa Kihonda: Nimekuelewa, lakini kazi imebaki kidogo sana. Nikipaka vanishi mara tatu?

Msomaji Kimya: Naomba kusema wazi kwamba nina shaka na kisa hiki. Kwanza mbao zilikuwa "za kawaida", sasa ni za paa. Kenchi ni mbili kwa nne. Nani atamtengenezea mtoto wa miaka 4 stendi yenye miguu ya unene huo, na nani atazipasua nyumbani kwa msumeno wa mkono? Nadhani tunatungiwa hadithi.

Mama Wawili: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

Baba wa Kihonda: Sijatunga. Nilizipeleka kwenye mashine ya kupasulia, zikapasuliwa na kupigwa randa, nikarudi na maranda magunia mawili. Nimeyatandaza bandani kwa kuku.

Msomaji Kimya: Nisamehe, ndugu yangu. Basi liache suala la stendi, uende bandani sasa hivi. Kuku hula wanachochakura.

Fundi Randa: Yatoe yote leo. Nyunyiza maji kwanza ili vumbi lisiruke, funika pua na mdomo, yafunge kwenye viroba mbali na kisima na bustani, na kamwe usiyachome wala usipikie vipande vya mbao hizo, kwa maana moshi na majivu yake vina sumu. Mayai ya kuku hao usimpe mtoto kwa sasa, umuulize kwanza daktari wa mifugo.

Baba wa Kihonda: Nimeyatoa, na nguo nimezifua peke yake. Miguu ile itakuwa nguzo za uzio, na binti nimemweleza kwamba zawadi yake itachelewa. Fundi, paini isiyotiwa dawa, ya moja kwa mbili, itabeba hadibodi ya sentimita 60 kwa 80?

Fundi Randa: Itabeba bila shida. Chagua zilizonyooka na zisizo na vifundo, na usisahau mnyororo.