Saratani za mfumo wa chakula katika daftari la tiba ya mionzi: je, hesabu hii ni sahihi?

Karani wa Takwimu
Habari zenu, ndugu. Nimekabidhiwa daftari la wagonjwa wa tiba ya mionzi katika kituo kinachohudumia kanda nzima, nami natakiwa kueleza saratani za mfumo wa chakula zimeenea kiasi gani miongoni mwao. Umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) na puru (sehemu ya mwisho ya utumbo, kabla ya njia ya haja kubwa) zimejaa karibu kila ukurasa, ilhali utumbo mpana na ini ni za kutafuta kwa tochi. Najua kwamba mwaka 2022 saratani za utumbo mpana na puru, zikihesabiwa pamoja, zilishika nafasi ya 3 duniani kwa wagonjwa wapya, takriban milioni 1.9. Je, daftari lina kasoro?

Daktari wa Mionzi
Ndugu Karani, huenda halina kasoro yoyote, kwa kuwa linahesabu waliopelekwa kwenye mionzi, si wote waliougua. Saratani ya utumbo mpana hutibiwa hasa kwa upasuaji, kisha dawa za kemotherapi pale zinapohitajika, maana utumbo huo husogea na umepakana na utumbo mwembamba, usiostahimili dozi kubwa. Puru imetulia ndani ya nyonga, hivyo wengi hupata mionzi kabla ya kupasuliwa: ama grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 25 kwa vipindi 5, ama takriban grei 50 kwa muda wa wiki 5 hivi pamoja na dawa. Umio nao huleta wengi, wakiwemo wale wasioweza tena kumeza hata maji, ambao lengo letu kwao ni kuwafungulia njia tu. Ini lenyewe huumizwa na mionzi upesi, kwa hiyo hulengwa kwa mitambo ya usahihi mkubwa, ambayo si kila kituo kinayo.

Angalia pia asilimia zako. Pale ambapo saratani za mlango wa kizazi, matiti na tezi dume ni nyingi, asilimia ya mfumo wa chakula hushuka hata kama idadi ya wagonjwa wake haijapungua.

Muuguzi wa Kliniki
Naomba kuongeza jambo la kikarani ambalo, kwa maoni yangu, huharibu hesabu kuliko yote hayo. Kwetu "saratani ya tumbo" huweza kuwa ya kile kifuko kinachopokea chakula, au ya chochote kilicho chini ya mbavu. "Koo" ndilo balaa zaidi. Nimewahi kufungua jalada lililoandikwa "saratani ya koo", nikakuta ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa kinyama kilichokatwa, inasema umio, ambao msimbo wake katika orodha ya kimataifa ya magonjwa (ICD-10) ni C15. Lililofuata, lenye maneno yale yale, lilikuwa la zoloto (kisanduku cha sauti), C32, ambalo halimo kabisa katika mfumo wa chakula. Hesabu kwa misimbo ya mfumo wa chakula, C15 hadi C26, na mgonjwa aliyerudi kupigwa mionzi ya mifupa usimhesabu mara ya pili.

Karani wa Takwimu
Ahsanteni sana. Nimerudia ukurasa wa kwanza, na kati ya "koo" nne zilizopo, mbili ni za zoloto. Je, nikishasahihisha, naweza kuandika kwamba hicho ndicho kiwango cha saratani hizi katika kanda?

Daktari wa Mionzi
Hapana. Andika "miongoni mwa waliopata tiba ya mionzi" kila unapotaja asilimia. Kiwango cha kanda kinahitaji rejista ya saratani inayokusanya pia majalada ya upasuaji, endoskopia (uchunguzi wa ndani kwa kamera) na maabara ya patholojia, ambako ndiko utakakowakuta wagonjwa wako wa utumbo mpana.