Naomba ushauri: thuluthi au kufi kwa kizingiti cha mlango?

MlangoWaMsaji: Assalaam aleikum wanajukwaa. Nimepewa kazi ya kuweka aya ya 46 ya Surat al-Hijr, «Udkhuluha bisalamin aminin», yaani «Ingieni humo kwa salama na amani», juu ya mlango wa msaji wa nyumba moja ya Mji Mkongwe, Unguja, na mwenyewe anataka maandishi yajaze kizingiti cha juu kutoka ncha hadi ncha. Kati ya mitindo ya khati ya Kiarabu, mimi ninapenda thuluthi, yenye herufi za kupinda, mwenzangu anashikilia kufi, yenye herufi za pembe, na fundi wa nakshi anatusubiri. Usingizi umenipaa. Nifuate ipi?

BintiDimbani: Waaleikum salaam. Kufi ina haki yake kwetu, kwani Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya kufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Marehemu babu alikuwa akinipeleka pale na kunikataza kugusa ukuta, na mimi nikawa nagusa kila alipogeuka.

MzeeWaPatasi: Kijana wangu, tazama ubao kabla ya khati. Niliwahi kuchonga mlango wa mfenesi ambao haujakauka sawasawa, ukapasuka katikati ya jina la mwenye nyumba, na mpaka leo tukikutana sokoni anavuka barabara.

AbuSalama: Mimi ninauliza nani atapita chini ya aya hiyo. Maneno ya Mwenyezi Mungu si pambo la kuvutia wageni.

KalamuYaMwanzi: Ndugu, umeeleza mbao, ukubwa na fundi, lakini hujasema nani ameandika. Kalamu yake ina upana gani?

MlangoWaMsaji: Hilo halihusiani na swali langu.

KalamuYaMwanzi: Linahusiana sana. Tangu enzi za Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, herufi hupimwa kwa nukta, na nukta ni alama inayoachwa na ncha ya kalamu yenyewe. Alifu ya thuluthi kwa kawaida hufundishwa kuwa na urefu wa nukta 7. Bila kujua kalamu huwezi kujua kama herufi zako zimesimama au zimelala.

MlangoWaMsaji: Sawa. Nimeichukua thuluthi ya mwandishi mmoja aliye hai kutoka intaneti, nikaivuta kwa upana kwenye kompyuta mpaka ikaenea kizingiti, na sahihi yake ya pembeni nikaiondoa kwa sababu mteja hataki jina la mtu mlangoni. Kabla hamjanishambulia, kumbukeni kwamba wanafunzi wote wa khati hujifunza kwa kunakili kazi za walimu wao, na hakuna anayewaita wezi.

KalamuYaMwanzi: Hunakili kwa mkono, miaka kwa miaka, na hawatii sahihi zao mpaka mwalimu awape ijaza, yaani idhini ya kutia sahihi. Wewe hukunakili chochote. Ulipoivuta picha, nukta zilitanuka na alifu zikanenepa bila kurefuka, na sasa hakuna kipimo kinachoafikiana na kingine. Mwandishi anayetaka kujaza nafasi ndefu hurefusha viungo vya herufi zinazokubali kurefushwa, au hupandisha neno juu ya neno. Hata ukubwa wenyewe si tatizo: waandishi wa Istanbul walitoboa karatasi kwa sindano kufuata ukingo wa herufi, wakapitisha unga wa mkaa kwenye matundu, na umbo likahamia ukutani.

AbuSalama: Kwa hiyo aya ya amani imepatikana kwa dhuluma. Niliuliza mapema.

PopoWaForodhani: Wanajukwaa, mimi siamini kisa hiki. Mtu aliyefuta sahihi ya mwenzake haji hadharani kutuonyesha ilikuwa upande gani. Ninadhani huyu ndiye mwandishi aliyeibiwa, amekuja kupima tutamtetea nani.

BintiDimbani: Kama ndiye, basi atie sahihi yake hapa tumalize.

MlangoWaMsaji: Mimi si yeye. Ningekuwa yeye nisingekuwa na deni kwa fundi. Nusu ya malipo nimeshapokea, na neno la kwanza limeshachongwa.

PopoWaForodhani: Juzi fundi alikuwa anasubiri, leo ameshachonga!

MlangoWaMsaji: Anasubiri maneno mawili yaliyobaki. Nilitaka kujua kama kufi ingeweza kuendelea baada ya neno la thuluthi.

KalamuYaMwanzi: Haiwezi. Wala thuluthi iliyoandikwa kwa haki haiwezi kufuata neno lililovutwa. Simamisha patasi, umwandikie mwandishi, umwombe akuandikie kwa kipimo cha kizingiti chako, na suala la sahihi mlimalize wewe, yeye na mteja.

MzeeWaPatasi: Fundi ameingia kina gani?

MlangoWaMsaji: Kama unene wa shilingi mbili zilizopangwa.

MzeeWaPatasi: Basi kizingiti kipigwe randa, neno litoke lote, muanze upya.

MlangoWaMsaji: Mteja ataona ubao umepungua. Nimweleze nini?

MzeeWaPatasi: Mweleze kwamba mwenye khati bado hajaulizwa.