Tupeane uzoefu: nguo yako ya kutokea enzi zile ilikuwa ipi, na ilikupeleka wapi?

Mwanzisha mada, Magomeni

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Juzi nilikuwa msibani Kigogo. Tulikaa wazee watano chini ya turubai, mazungumzo yakaanzia kwa marehemu yakaishia kwenye suruali yake. Kila mmoja wetu aliikumbuka: bugaluu ya kahawia, chini inafagia barabara, na raizoni zenye soli nene kama tofali. Hakuna aliyetaja cheo chake wala nyumba aliyojenga. Nikarudi nyumbani nikasema niwaulize na wenzangu. Nataka nguo moja tu uliyokuwa ukitokea nayo: uliipataje, na usiku wenyewe ulikwendaje.

Naanza mimi. Mwaka 1981 nilikuwa na miaka 19. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na nchi imekauka. Sabuni foleni, sukari foleni, kitambaa cha suruali hupati mpaka umjue mtu kwenye duka la ushirika au uwe na moyo wa kununua cha magendo. Urafiki pale Ubungo na Mwatex kule Mwanza walitoa khanga na vitenge, lakini tetroni ya suruali ilikuwa ya kuota usingizini. Na wakati huohuo bugaluu imeshapitwa! Wajanja wote wamehamia kwenye suruali za kubana chini.

Kaka yangu alikuwa JKT. Aliacha bugaluu yake ya tetroni, bluu ya kiza, imekunjwa chini ya godoro. Nikaichukua nikaipeleka kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu. Akaishika, akaniuliza mara mbili: "Mwenyewe anajua?" Nikamwambia anajua. Akachora chaki kutoka gotini kushuka chini, akakata. Vipande virefu vya pembetatu vikaanguka miguuni pake. Nikaviokota vyote nikavitia mfukoni, nadhani kwa woga.

Sasa kunyoosha. Ilikuwa kazi ya Jumamosi mchana kutwa. Unaigeuza suruali nje ndani, unasugua kipande cha sabuni kwenye mstari wa mbele, kwa ndani, kuanzia mapajani mpaka chini. Unaigeuza tena, unatandika kitambaa kibichi juu yake, ndipo unaleta pasi ya mkaa. Majivu uyapulizie mbali kwanza, maana cheche moja tu na dansi lako limekwisha kabla jua halijazama. Mstari ule ulikaa mpaka alfajiri. Na kwa kuwa sabuni ilikuwa ya foleni, mama akiikuta imelika upande mmoja alijua kuna mtu anatoka.

Nilikwenda dansini Kariakoo kwa miguu, kwa sababu kujibana kwenye Ikarusi la kumbakumba ni kuupoteza mstari wote. Bendi ya Mlimani Park walikuwa na miaka mitatu tu tangu waanze mwaka 1978, na mtindo wao wa Sikinde umeshaushika mji. Waimbaji Gurumo na Bitchuka pale mbele, King Enock na gitaa lake. Nilisimama karibu saa nzima bila kuketi, naogopa kukunja magoti. Halafu tarumbeta zikaingia, nikasahau suruali. Niliyarudi mpaka saa tisa usiku. Dada mmoja aliniambia, "Suruali yako imekaa vizuri." Miaka zaidi ya 40 imepita na maneno yale bado ninayo.

Kaka alirudi baada ya miezi mitatu. Hiyo nitaimalizia baadaye. Karibuni.

Kwa niaba ya mama, Ilala

Shikamoo mzee wangu. Mimi si wa enzi hizo, ila nimemsomea mama ulichoandika, naye amenitaka niandike kama anavyosema. Amevuka miaka 75. Haya ni maneno yake mwenyewe.

"Nguo yangu ni mini ya krimplini, rangi ya chungwa, mwaka 1968. Nilikuwa napiga taipu ofisini mjini. Mwezi wa kumi vijana wa TANU wakatangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 marufuku mini, marufuku mawigi, marufuku madawa ya kujichubua na suruali za kubana. Tarehe yenyewe haijafika, tayari pale Kariakoo kuna watu wanavizia mabasi. Msichana akiwa na mini anashushwa, anazomewa, wengine walichaniwa. Mwenzangu mmoja alichaniwa nguo mchana kweupe. Akina mama wa sokoni ndio waliomstiri, mmoja alifungua khanga yake ya juu akampa, hakuuliza jina.

"Baada ya hapo tukajifunza. Mini unavaa, juu yake unafunga khanga mpaka kwenye kisigino. Ndani ya basi wewe ni mke wa mtu unakwenda kumwangalia mgonjwa. Ukifika ukumbi wa Arnautoglo unaifungua, unaikunja, inaingia mkobani. Wakati wa kurudi unajifunga tena. Watu walisema tunaiga Wazungu, na mpaka leo nawasikia wengine wakisema hivyo. Nguo ile niliinunua kwa mshahara wangu. Mama yangu hakuwahi kununua hata leso bila kumwomba baba. Hilo ndilo lililowachoma wale vijana, wala si urefu wa nguo."

Amenyamaza kidogo, sasa anasema niongeze kwamba wigi hakulitupa. Alilificha kwenye debe la mchele.

Mdau wa Tanga

Sabuni kwenye mstari! Baba yangu yeye alitumia mshumaa. Ila ukizidisha, ukicheza ukapata joto, unatoa doa paja zima. Mimi ni msomaji tu hapa, endeleeni. Na mama wa Ilala umpe shikamoo yangu.

Dada wa Temeke

Mimi kizazi cha disko, 1985 kwenda juu. Mzee Mwinyi ameingia, kila kitu ruksa, na mitumba ikaanza kumwagika. Baba alikuwa akiziita nguo zile kafa Ulaya, na alikataa kata kata zisianikwe kamba moja na zake. Alisema huwezi kujua aliyezivaa alikufa kwa nini. Sisi watoto wala hatukusikia. Ghafla ukiwa na hela kidogo na jicho la kuchagua, unatoka kama mtu aliyeletewa mzigo na mjomba wa Uingereza.

Nywele zangu zilikuwa kalikiti. Wasioijua waulize mito ya kwetu, yote ilikuwa na madoa ya mafuta. Unalala na mfuko wa nailoni kichwani ili unyevu usitoke, asubuhi unanyunyiza tena. Jua likiwaka yanakutiririka shingoni mpaka kwenye kola. Lakini mbele ya kioo ulikuwa sista duu kamili, na mabrazameni wa mtaani walinyamaza ukipita.

Jumapili mchana tulikwenda disko toto, YMCA. Ninalotaka kusimulia ni ile taa ya zambarau. Ikiwashwa, chochote cheupe kinawaka: soksi, meno, kamba za viatu. Kwa hiyo kila mtu alihakikisha ana kitu cheupe mwilini. Mimi sikuwa na blauzi nyeupe ila ile ya shule. Usiku wa Jumamosi nikakaa na wembe, nikatoa uzi mmoja mmoja, nembo ikabanduka. Nikaifua, nikaipiga pasi, ikawa blauzi ya kawaida. Basi tumefika, taa imewashwa, na kifuani kwangu, pale ilipokuwa nembo, kukatokea kivuli. Umbo lote la nembo linasomeka kama muhuri! Kijana aliyekuwa akicheza nami akatazama, akataja shule yangu, akaniambia hata ya kwake ilikuwa hivyohivyo, akafunua koti kidogo nikaona kivuli cha nembo ya shule nyingine. Bluzi ilipopigwa tukacheza vivuli vyetu vikitazamana. Jumatatu asubuhi nilikuwa nashona nembo nikiwa kwenye daladala, sindano inanichoma kila kituo.

Jamaa wa Buruburu, Nairobi

Habari zenu majirani. Kwetu ilikuwa 1993. Wale watoto wawili wa Marekani, Kris Kross, walikuwa wamefanya kila kijana wa Eastlands avae jinzi nyuma mbele. Yangu niliitoa soko la mitumba la Gikomba, pana, mtu wawili wangeingia. Baba alikuwa mzee wa kanisa, kwa hivyo nilitoka nyumbani na suruali ya kitambaa na Biblia mkononi, nikabadilisha kwa binamu yangu, kisha tukashika matatu za Buruburu zile za muziki mkubwa na michoro. Safari yenyewe ilikuwa sherehe tosha. Kuna wenye walishuka mjini, wakapanda ile ya kurudi, wakaridhika.

Jumapili mchana kulikuwa na jam session pale Florida 2000, Moi Avenue, na vilabu vingine. Mimi na binamu tulikuwa na jozi moja ya buti, na mlinzi wa klabu moja hakuwa anaruhusu ndara. Tukapanga hivi: mimi naingia na buti, nagongwa muhuri mkononi, nateremka chooni, navua, napitisha dirishani. Yeye anazivaa nje, anaingia. Ndani tulicheza kwa zamu, nyimbo tatu tatu, mwingine ameficha miguu chini ya meza. Wimbo niliokuwa naupenda kuliko yote ulikuja mara mbili jioni ile, na mara zote mbili buti zilikuwa kwa binamu. Yuko Kanada siku hizi. Kila Desemba akirudi hunipa viatu. Hajawahi kueleza kwa nini na mimi sijamuuliza.

Mwana wa Bukavu

Kwetu nguo iliyokatazwa ilikuwa tai. Tangu mambo ya otantisite ya miaka ya 1970, ile siasa ya kuacha ya Kizungu na kurudia ya Kiafrika, Mobutu alitaka wanaume tuvae abacost, lile koti lisilo na tai wala kola ya Kizungu. Baba yangu alikuwa mwalimu. Tai yake ya harusi, nyekundu ya damu ya mzee, ililala ndani ya sanduku la bati, imezungushiwa gazeti. Sisi vijana tulisikia habari za mwanamuziki Papa Wemba na wasapeur wa Kinshasa, wale wapenda mavazi ya kifahari, namna wanavyofuata nguo mpaka Paris, tukawa tunatafuta hata soksi ya kufanana nao. Kwenye nganda, yaani baa ya mtaani, Jumamosi jioni, mtu alisimama katikati, akafungua koti taratibu kuonyesha lebo ya ndani, kisha akatembea. Muziki ungeweza kungoja.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitoa hotuba, akaruhusu vyama vingi, na tai pia ikaruhusiwa. Sisi nyumbani tulijadili vyama. Baba alikwenda kwenye sanduku. Gazeti lilikuwa limeacha herufi zake kwenye hariri, zimegeuka nyuma mbele. Akaifunga hivyohivyo, vidole havikusahau fundo. Akakaa nje mlangoni mpaka giza likaingia. Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan na kufariki tarehe hiyohiyo, 24 Aprili, mwaka 2016. Siku ile nami niliitoa tai ya baba.

Mama wa Morogoro

Nimesoma yote. Yangu ni picha. Tulipiga studio mwaka 1988, rafiki watano, kabla ya kwenda ukumbini. Nyuma kuna pazia lililochorwa minazi na ndege inapaa. Sare ya kitenge tulishona kwa kuchangishana, mikono ya puto. Heleni za dhahabu feki zilikuwa jozi mbili tu, yaani heleni nne, na sisi tuko watano. Tukageuza shingo, kila mmoja akavaa moja upande wa kamera. Aliyekuwa katikati ndiye aliyekosa, tukamwekea ua la plastiki kwenye nywele.

Watatu katika picha hiyo walikwenda kati ya 1991 na 1997. Enzi hizo tulisema "kaugua muda mrefu" na kila mtu akatazama chini. Majina ya ugonjwa yalikuwa ya kunong'ona. Naomba mtu yeyote anayesimulia raha za miaka ile awataje na hao, kwa sababu walikuwa wanacheza kutuzidi. Mwenye ua alikuwa akiingia ukumbini, wapiga gitaa wanamwona kabla ya watu.

Heleni moja ninayo. Haina mwenzake.

Mwanzisha mada, Magomeni

Mama wa Morogoro, pole sana, na asante kwa kuwaleta hapa. Na mimi ninao wangu.

Nimalizie ya kaka. Aliporudi JKT aliikuta suruali kwenye kamba, akaitambua kwa kifungo. Hakusema neno. Akaijaribu, ikakwama kwenye misuli ya miguu, akanirushia. Vile vipande vya pembetatu mama alikwisha kuvipata mfukoni mwangu, akavifanya viraka vya kaptula ya mdogo wetu, kwa hiyo ushahidi ulikuwa unakimbia uani na mpira.

Jana usiku, baada ya kuwasoma, nikampigia simu Kibaha nikamwomba radhi rasmi. Akakaa kimya, kisha akaniambia bugaluu ile haikuwa yake. Aliiazima kwa rafiki yake wa Keko ili aende nayo dansini kabla ya kuondoka, hakuwahi kuirudisha. Mwenyewe alipokuja kuidai na kuiona imekatwa, kaka alimlipa kwa redio yetu ndogo ya betri.

Miaka yote hiyo, nyumbani kwetu, tulijua redio iliibwa.