Mrejesho: lile swali langu la "kangomba" lililoitwa rahisi

Wakuu, salamu kutoka Masasi. Wiki iliyopita nililalamika hapa: niliwauliza watafsiri wenzangu, kwenye jukwaa ambako maswali hupangwa kuwa rahisi au magumu, neno la Kiingereza la "kangomba" (ununuzi wa korosho kinyemela), nao wakaliweka swali langu kwenye daraja la rahisi. Niliumia, nikawauliza ninyi kama nilipinge daraja hilo.

Nimepinga, ila baada ya kukubali kosa langu. Nilitupa neno tupu, bila sentensi. Mmoja wenu alinipa kipimo kizuri: swali ni rahisi kama yeyote anayejua lugha zote mbili angelijibu bila kufungua kamusi. Kwa kipimo hicho "korosho" ni rahisi, hata "ghala". Lakini kangomba? Mtu wa Nairobi mwenye Kiingereza safi ataishia kwenye "biashara haramu", na hapo maana yote imemwagika. Huku kwetu ni kumfuata mkulima kijijini, mara nyingi kabla ya msimu, akiwa na shida ya ada au ya mgonjwa, ukamlalia bei nje ya stakabadhi ghalani, yaani mfumo rasmi wa kuuza mazao kwa mnada kupitia maghala.

Basi niliuliza upya, safari hii na aya nzima, nikieleza kuwa ripoti ninayoitafsiri inahusu msimu wa 2018, ule ambao serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Daraja likabadilishwa siku hiyohiyo.

Kwenye kazi yenyewe neno nimeliacha kama lilivyo, nikalifafanua mara moja pale linapotokea kwanza. Mteja kaipokea, kalipa.