Riwaya ipi ya kale ya kutisha iwafae vijana wa kidato cha tatu?

Mwalimu, Chumbageni, Tanga
Ndugu zangu, nawasalimu. Nasimamia klabu ya usomaji ya wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne, na safari hii wao wenyewe wameomba riwaya ya kutisha, tena ya kale na ya Kiingereza, kwa kuwa wanataka pia kujinoa katika lugha hiyo. Napima kati ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, na Frankenstein ya Mary Shelley. Baadhi ya wazazi hawapendi watoto wao wasomeshwe habari za mashetani, na hoja yao naiheshimu, kwani hapa kwetu mambo hayo si hadithi tu. Wapo wanaokwenda kutambika kwenye mapango ya Amboni. Mngenishauri nianze na ipi?

Mkutubi mstaafu, Ngamiani
Mwalimu, chukua Frankenstein. Mwandishi alianza kuiandika mwaka 1816 akiwa na miaka 18, karibu rika la hao wanafunzi wako, na ilichapishwa London mwaka 1818 bila jina lake. Wazazi waambie kwamba humo hamna jini wala mganga. Yumo mwanafunzi wa chuo, Victor Frankenstein, anayeunda kiumbe kwa viungo vya maiti, na kiumbe huyo anapofumbua jicho tu, muumba wake anatimua mbio. Sura yake inatisha, lakini kinachotisha zaidi ni kule kutupwa na aliyemleta duniani, na kijana wa miaka 16 hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Pale pa kusoma polepole ni kiumbe anapojificha katika kibanda kilichopakana na nyumba ya familia maskini, akiwachungulia kupitia ufa wa ukuta. Mwanzoni anawaibia chakula. Akitambua kwamba nao wanashinda njaa, anaacha, anakula matunda na mizizi ya porini, na usiku anawatafutia kuni. Kwa kuwasikiliza anajifunza kusema, kisha kusoma. Siku anapojitia moyo kuingia ndani, mzee kipofu anampokea kwa upole, kwa kuwa hamwoni; mwanawe anarudi na kumpiga kwa fimbo. Mauaji yanaanza baada ya hapo, na msomaji anabaki akimwogopa na kumwonea huruma kwa pamoja.

Mzazi, Raskazone
Mzee wetu, shikamoo. Nakuunga mkono, lakini mwalimu awaeleze wazazi mapema kwamba mtoto mdogo anauawa na msichana asiye na hatia ananyongwa kwa kosa hilo. Mimi ningeridhia binti yangu asome, mradi nijue yatakayomkuta humo.

Mwalimu mwenzako, Pongwe
Wasiwasi wangu ni lugha. Frankenstein inafunguliwa kwa barua nne za nahodha aliyeko safarini kuelekea Ncha ya Kaskazini, na wengi wa wanafunzi wangu huchoka kabla hawajamfikia Victor. Ningetanguliza kitabu cha Robert Louis Stevenson cha mwaka 1886 kuhusu Daktari Jekyll na Bwana Hyde, kwa kuwa kina sura 10 tu, na katika sura ya kwanza tayari mtu anamkanyaga mtoto barabarani na kuendelea na safari yake. Dracula nayo isitupwe: sura nne za mwanzo, ambamo kijana wa Kiingereza anagundua kwamba mwenyeji wake amemfunga ndani ya ngome, zinatisha kuliko chochote kinachofuata.

Mkutubi mstaafu, Ngamiani
Marahaba, binti yangu. Kuhusu barua, mwalimu azisome mwenyewe kwa sauti katika kikao cha kwanza, kisha awakabidhi vijana kitabu. Vitabu vyote vitatu haki zake za uandishi zimekwisha muda, kwa hiyo vinapatikana bure kwenye intaneti na kuvitolea nakala si kosa.

Mwalimu, Chumbageni, Tanga
Nashukuru sana. Nitaanza na Frankenstein, barua nitazisoma mimi, na wiki hii nawaandikia wazazi kuhusu yale mauaji.