Mastodon: kupanga posti za Ramadhani nzima mapema

kusi_kaskazi anauliza:

Wakuu, salaam. Nasimamia akaunti ya Mastodon (mtandao wa kijamii unaoendeshwa na seva nyingi huru) ya msikiti mmoja hapa Mombasa. Seva si yetu, tumefungua akaunti kwa watu. Nataka kupanga posti za Ramadhani mapema, mbili kwa siku: moja ya daku, moja ya futari, kila moja na picha ya ratiba. Kwenye tovuti ya Mastodon sioni kitufe cha saa popote.

Je, seva yenyewe inaweza kushika posti ikaitoa saa niliyotaka, au lazima simu ibaki imewashwa? Kuna kikomo cha idadi? Mwezi usipoandama siku tuliyoitarajia, nazisogezaje zote? Halafu kila Ijumaa tunatoa uzi wa posti tano wa darsa, nao unapangika? Vijana nao wanataka yale yale yatoke Bluesky, ule mtandao mwingine wa kijamii.

---

fundi_waya anajibu:

Salaam mkuu. Seva inaweza, tangu toleo la 2.7 la mwaka 2019. Kinachokosekana ni kitufe tu kwenye tovuti rasmi. Ukishatuma, zima simu ukitaka: posti imelala kwenye seva yako na seva nyingine hazina habari nayo mpaka dakika ya kutoka. Msimamizi wa seva anaweza kuiona kwenye hifadhidata, kwa hiyo usilaze humo tangazo la siri.

Kwa posti chache, tumia Tusky ya Android. Unaandika, unagusa alama ya saa hapo chini, unachagua tarehe na saa, unatuma. Zinazosubiri utazikuta kwenye menyu ya pembeni. Lakini wewe una posti 60, na kuzipanga kwa dole gumba ni mateso. Tumia kompyuta.

Kwanza pata tokeni, yaani ufunguo wa maandishi unaoruhusu programu kuposti kwa akaunti yako. Kwenye tovuti ya seva yako nenda "Preferences", "Development", "New application". Weka alama kwenye write:statuses, write:media na read:statuses, nyingine zote toa. Hifadhi, fungua tena programu uliyoiunda, nakili tokeni. Itunze kama nywila, maana anayeishika anaweza kuposti kwa jina la msikiti.

Amri hizi ni za curl, programu ya kwenye terminali inayotuma maombi kwa seva; mahali pa $TOKENI, SEVA na ID weka vya kwako. Picha hupanda kwanza:

`curl -H "Authorization: Bearer $TOKENI" -F "file=@futari01.png" -F "description=Ratiba ya futari, Mombasa" https://SEVA/api/v2/media`

Utarudishiwa id. Itie kwenye posti:

`curl -H "Authorization: Bearer $TOKENI" -F "status=Futari inakaribia" -F "media_ids[]=ID" -F "language=sw" -F "scheduled_at=2027-02-08T18:10:00+03:00" https://SEVA/api/v1/statuses`

Soma jibu kabla ya kuendelea. Ukiona scheduled_at na params, posti iko foleni. Ukiona url ya posti, imeshatoka na watu wanaisoma.

Id moja ya picha haitumiki kwa posti mbili. Hata kama ratiba ni ile ile wiki nzima, kila posti inataka picha yake iliyopandishwa upya. Mastodon kwa kawaida inaruhusu kupandisha picha 30 kila dakika 30, kwa hiyo skripti yako (faili la amri zinazojiendesha zenyewe) ipumzike sekunde 65 baada ya kila picha. Posti 60 zitachukua saa moja na dakika kadhaa. Iache iende, usiiharakishe.

Vikomo vya foleni: zinazosubiri zisizidi 300 kwa akaunti, na zisizidi 25 kwa siku moja. Hiyo "siku" ni ya UTC (saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa tatu), yaani kwetu inaanza saa tisa usiku. Kwa mbili kwa siku hutagusa ukomo wowote.

---

bao_la_kete anajibu:

Naongezea kuhusu saa, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Posti lazima iwe mbele kwa zaidi ya dakika 5. Ukiweka dakika 3 mbele, seva inakataa. Lakini ukiweka saa iliyokwisha kupita, haikatai: inaichapisha hapo hapo. Sasa fikiria mtu anayewaza "saa mbili usiku" akaandika 02:00 ya leo badala ya 20:00. Saa 02:00 ya leo imepita tangu alfajiri, posti inaruka hewani mchana kweupe. Daku ya saa kumi alfajiri ni 04:00, si 10:00. Andika orodha yako yote kwa saa 24 tangu mwanzo, usibadilishe kichwani wakati wa kuchapa.

Mkia wa +03:00 mwishoni mwa tarehe, unaoonyesha tofauti na UTC, usiusahau. Ukiandika saa bila mkia, au ukamalizia na Z, seva inahesabu UTC na posti ya 18:10 inatoka 21:10, watu wakiwa kwenye tarawehe. Mombasa, Dar, Zanzibar na Kampala zote ni +03:00 mwaka mzima. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi ni +02:00. Muscat ni +04:00.

Na jambo dogo linalosumbua kweli: kwenye curl tumia -F kama alivyoonyesha fundi_waya. Ukitumia -d, alama ya + inageuka nafasi tupu njiani na seva inapokea tarehe iliyovunjika. Kama ni lazima -d, basi iwe --data-urlencode.

Anayechukia curl atafute toot, programu ya kwenye terminali. Ina `toot post --scheduled-at` kwa tarehe kamili na `--scheduled-in "2 hours"` kwa kuhesabu kuanzia sasa.

---

mpiga_chapa anajibu:

Kuhusu mwezi kuandama. Foleni ya Mastodon inakubali kubadilisha saa tu, kwa ombi la PUT kwenye /api/v1/scheduled_statuses/ID (kwenye curl ni -X PUT, na kufuta ni -X DELETE). Maneno na picha havibadilishiki. Ni kufuta kwa DELETE na kutuma upya.

Lakini kwako kusogeza saa ndiyo dawa mbaya. Magharibi hufuata jua, na jua halingoji mwezi. Ratiba ya tarehe 8 ni ya tarehe 8 hata kama funga imeanza tarehe 9. Kinachohama ni namba ya Ramadhani. Ukisogeza posti zote siku moja mbele, utakuwa na namba sahihi na nyakati za jana. Zinapishana kidogo tu, dakika moja au chini, lakini watu wanafungulia kwa dakika iliyoandikwa.

Kwa hiyo usiandike "Ramadhani 5" kwenye maneno wala ndani ya picha. Andika "Jumatatu, Februari 8" na muda wake. Halafu panga siku moja ya ziada kila upande. Mwezi usipoonekana, unafuta posti mbili za siku ya kwanza, basi. Mwishoni unafuta za siku isiyo ya funga mara Idi inapotangazwa. Daku ya siku hiyo usiisahau, inatoka alfajiri kabla wengi hawajaamka kukukumbusha.

Kama namba lazima iwepo, weka posti zote kwenye faili la CSV lenye tarehe, saa, maneno na jina la picha. Usiku wa kutazama mwezi, futa foleni yote na uitume upya kutoka kwenye faili lililorekebishwa. Kuna saa nzima ya kupandisha picha hapo, na daku ya kwanza iko karibu. Weka zile za siku mbili za mwanzo juu ya faili.

Ukitaka kuorodhesha foleni, GET /api/v1/scheduled_statuses inaleta 20 tu kwa mara moja. Ongeza ?limit=40, na zilizobaki fuata linki iliyo kwenye kichwa cha jibu kinachoitwa Link. Mtu huona 20 akadhani nyingine zimepotea, anatuma tena, kesho yake kila futari inatangazwa mara mbili. Vivyo hivyo mtandao ukikatika katikati ya skripti: orodhesha kwanza, kisha tuma zilizokosekana.

---

fundi_waya anajibu:

Sahihi kabisa hapo kwa mpiga_chapa. Nimalizie uzi na Bluesky.

Uzi wa posti tano haupangiki wote kwa foleni ya seva. Posti ya pili inahitaji id ya ya kwanza kwenye in_reply_to_id, na id hiyo haizaliwi mpaka ya kwanza itoke. Namba unayopewa wakati wa kupanga ni ya foleni, si ya posti. Njia nyepesi: Ijumaa toa ya kwanza kwa mkono, kisha panga nne zilizobaki zote zikijibu hiyo ya kwanza, dakika 10 baina yao. Hazitakuwa mnyororo kamili, zitaning'inia zote kwenye mama mmoja, ila zinasomeka kwa mpangilio.

Ukitaka mnyororo wa kweli, weka skripti kwenye mashine isiyozimwa na uiite kwa cron, kipanga-saa cha kompyuta: itume ya kwanza, ishike id, itume ya pili ikiijibu, na kuendelea. Hapo picha zipandishwe wakati ule ule wa kutuma. Picha isiyofungwa na posti yoyote hufagiliwa na seva baada ya siku moja hivi, kwa hiyo id uliyoihifadhi Jumanne haitakusaidia Ijumaa. Zilizo kwenye foleni ya seva haziguswi, kwa kuwa zimeshafungwa na posti inayosubiri.

Bluesky ni itifaki nyingine, haina foleni kwenye seva. Kuna sehemu inaitwa createdAt ambayo unaweza kuiandikia tarehe ya mbele. Haipangi kitu, posti inatoka papo hapo. Kwa hiyo ni cron yako mwenyewe, au huduma kama Buffer inayohudumia Mastodon na Bluesky pamoja. Ukitumia skripti, tengeneza nywila ya programu kwenye mipangilio ya Bluesky, usitoe nywila kuu. Na upunguze maneno: kule ni herufi 300, Mastodon kwa kawaida ni 500.

---

kusi_kaskazi anajibu:

Shukrani nyingi wakuu. Moja tu: seva ikilala saa ile ya posti je?

---

fundi_waya anajibu:

Inatoka ikiamka, kwa kuchelewa. Kazi hiyo hufanywa na Sidekiq, programu ya kazi za nyuma ya pazia kwenye seva ya Mastodon, foleni yake ya scheduler. Ikisimama, unaweza kuona tovuti inafunguka vizuri kabisa na posti zilizopangwa haziendi. Ikitokea, mwambie msimamizi atazame foleni hiyo kwanza. Na kwa futari, posti iliyochelewa ni afadhali isitoke: seva ikiwa imelala hutaweza kuifuta, basi iamkapo tu futa zilizopitwa kabla hazijatiririka. Ukihama seva pia, foleni haikufuati. Kama mna mpango wa kuhama, hameni kabla ya kupanga.